Miti Yote ya Whitehall Imepona, Isipokuwa Mmoja

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Jumuiya yetu hapa Whitehall, Marekani, Makamu wake, Msaidizi wa Makamu, Mchungaji, kwaya zote mbili, wageni wetu wa Louisville na Buffalo mliopotea njia lakini mkafika, na ninyi wa zamu ya usiku mnaosinzia kwa heshima: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi, Masumbuko Elisée, Katibu wa Mazingira, kwa unyenyekevu ambao hakuna anayenifikia, nawasilisha progress report ya Mradi wa Afya ya Miti, mradi ambao, bon, kwa framework yake, sustainability yake na mashati yake yenye nembo, hauna mfano Ohio nzima. Mwezi wa kwanza mwaka huu wa 2015 nilifanya ukaguzi mimi binafsi, nikiwa ndani ya gari, heater ikiwaka, nikakuta asilimia mia ya miti haina hata jani. Leo, mwezi wa sita, asilimia tisini na tisa imepona. (Vigelegele. Mtu wa nyuma anasema ile ilikuwa winter tu, miti yote hupukutika. Anaombwa akae.)

Uliobaki ni ule mti wa aina ya ash nyuma ya jengo alilopanga Mama Zita, ambao tawi lake limelalia paa juu ya chumba cha watoto wake. Dalili nimezisoma kitaalamu: matawi ya juu yamekauka, gome limejaa vitundu vya umbo la herufi D, ndege gogota hawabanduki, na shina limechipua majani kule chini. Huyo ni mdudu wa kijani, anakula chini ya gome. Ungekuwa ugonjwa wa madoadoa ya majani tu, mti ungepona wenyewe. Kwa mdudu huyu mti hudungwa dawa mapema, na ukishakauka zaidi ya nusu ni kukatwa tu. Huu umepita nusu. (Mama Zita anasimama: "Sasa Mheshimiwa, nani anakuja kuukata, na lini?")

Swali zuri sana, ndiyo maana tumeunda sub-committee ya kulipokea. (Makofi machache.)

Gome safi! (Oyee!) Mdudu wa kijani! (Zii!)

Namaliza kwa kuwashukuru wafadhili tutakaowaomba, wataalamu tutakaowatafuta, na ofisi ya wenye nyumba, ambao siku watakapoambiwa habari za mti huu, naamini watashtuka. Mradi ukianzishwa, donc, mtaona mambo. Na kwa namna ya pekee nakushukuru wewe, Mama Zita, kwa kuendelea kuwalaza watoto sebuleni.