Mkojo wa Kuazima

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwisha. Tangazo limebandikwa mlangoni mwa masijala, na gundi yake bado mbichi: Alhamisi wafanyakazi wote wa yadi ya malori, kuanzia Mama Meneja hadi mfagizi, watapimwa mkojo kuona nani anavuta bangi. Ni kwa sababu ya yule dereva aliyeingiza lori mtaroni akidhani mtaro ni barabara. Wenzangu wamesoma, wamecheka, wamerudi kwenye chai. Mimi nimekwenda msalani kuosha uso.

Sijavuta bangi. Sijawahi. Lakini Jumamosi nilisimama nyuma ya rundo la matairi na Fundi Pancha akiwa na msokoto wake, nikamuuliza maswali. Nilitaka kujua tu! Kichwa kinakwendaje? Kwa nini macho yanakuwa mekundu? Alisema dakika moja inarefuka kama foleni ya benki, na kila jibu alinipulizia usoni. Swali moja huzaa jingine, kwa hiyo nilikaa mpaka msokoto ukaisha. Pua yangu ilikuwa wazi muda wote huo.

Na hapa ndipo penye mwiba. Mimi na karani wa stoo ya vipuri, tunayemwita Mtanashati, tuko kwenye majaribio. Ajira ya kudumu ni moja. Shangazi yangu, ninayekaa kwake, amekwisha kuwaambia majirani kwamba ni yangu. Mtanashati amekwisha kuwaambia madereva kwamba ni yake. Ananiita "mdogo wangu" ingawa tumezaliwa mwaka mmoja. Leo kaniuliza mbele ya watu mbona nimepauka kama risiti ya mwaka juzi. Wamecheka tena.

Jumanne, 10 Juni

Mpango wa kwanza: kupata ukweli bila kujulikana. Nimekwenda zahanati ya yadi, chumba kimoja chenye kitanda kimoja na pazia lisilofika mwisho, nikamwambia Nesi kwamba nina rafiki aliyesimama karibu na mvutaji. Nesi akauliza rafiki ana umri gani. Nikasema kama wangu. Anafanya kazi wapi? Masijala. Nesi akavuta kiti akaketi.

Alisema moshi wa mtu mwingine, tena mahali pa wazi, hauwezi kumwangusha mtu kwenye kipimo hiki. Rafiki yangu aende akalale. Mtu mwenye akili angeshukuru akaondoka. Mimi nikauliza mwenye kuvuta kweli humpata nini.

Loo! Moyo huenda mbio. Kumbukumbu hupungua, na mikono na macho huacha kuelewana, ndiyo maana dereva na mtaro. Kifua hukohoa asubuhi. Akianza kijana, ubongo haujakomaa, hali ni mbaya zaidi. Wengine hushindwa kuacha. Wengine, hasa wenye ndugu waliowahi kuugua akili, huanza kusikia sauti na kumshuku kila mtu.

Nikajishika kifundo cha mkono hapo hapo. Moyo ulikuwa unakimbia! Nikamwambia Nesi. Akauliza ni moyo wa rafiki au wangu.

Halafu nikafikiri: mbona tangu jana namshuku kila mtu?

Nyumbani nimekunywa maji ya kusafisha mwili, jagi baada ya jagi. Shangazi ameuliza kama nimeacha ukarani nimekuwa tangi.

Jumatano, 11 Juni

Mtanashati amenikuta stoo, kati ya rafu za vichujio vya oili, nikijinusa mikono ya shati. Siri imenitoka. Sijui ilivyotoka, nilidhani nimefunga mdomo.

Amecheka hadi akashika rafu. Kisha ameangalia mlango, akainama, akatoa pakiti kwenye soksi ya kulia. Pakiti ndogo ya fedha, ina picha ya jua linalotabasamu. Ndani, majani makavu kama ya chai, lakini yananuka kama rangi ya kucha. Amesema yeye si mshamba wa kuvuta bangi. Hii imetengenezwa maabara, inalewesha kama bangi, na kipimo hakioni kitu. Nimeuliza kuna nini ndani. Hajui. Aliyemuuzia je? Hajui. Aliyemuuzia huyo? Ameniambia, "Mdogo wangu, wewe ungemhoji hata malaika wa kutoa roho."

Nimetazama kwa makini. Mkono ulioshika pakiti ulikuwa unatetemeka kama bomba la moshi la lori bovu. Na wiki iliyopita alinikemea eti jana yake nilikuwa nanong'ona nyuma ya rafu, siku ambayo sikuwa kazini. Ajabu! Nimeyaweka akilini.

Basi ukaja mpango wa pili, nao ni wake. Anaapa hajavuta bangi hata siku moja. Atanipa mkojo wake. Mimi nitaupeleka kwa Nesi kama wangu, na sote tutapona. Bei: meza yangu iliyo chini ya feni. Na sharti: nikitaja pakiti, atataja chupa. Tumepeana mikono. Wake ulikuwa na jasho baridi.

Nimejiuliza kama si afadhali wangu. Lakini wangu ulikuwa nyuma ya matairi Jumamosi. Wa mwenzangu umeapiwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeubeba katika chupa ya dawa ya kikohozi, chini ya kwapa ili usipoe. Nimetembea tangu getini kama kuku aliyevunjika bawa. Mfagizi amenipa pole. Nesi ameuliza kama nina jipu, akataka kulitazama. Nimeruka nyuma nikagonga mzani.

Chooni mikono imenikataa. Nusu imeingia kwenye kikombe cha Nesi, nusu kwenye kiatu. Lakini imetosha! Nesi ameshika kikombe, akasema kina joto. Nimejibu asante.

Majibu ni kesho, ila mmoja amekwisha kushindwa, Fundi Pancha, naye alijisema mwenyewe kabla hata ya kupewa kikombe! Hakufukuzwa. Ameondolewa kwenye jeki na mashine, na kila wiki atakwenda kuonana na mshauri nasaha hadi aache. Wengine hawana mipango kabisa.

Ningenyamaza hapo. Lakini ile pakiti imenikaa kichwani. Nikarudi kwa Nesi nikamwambia nina rafiki mwingine. Akasema mimi ni mtu wa marafiki wengi.

Alichonieleza kimenitoa usingizi. Yale ni majani yoyote tu, yamenyunyiziwa kemikali, nayo hubadilishwa kila mara ili sheria isiikamate. Dawa haienei sawasawa: mkupuo huu hauna kitu, unaofuata una sumu ya mikupuo kumi. Bangi ya kawaida husukuma mlango wa ubongo. Hii huung'oa pamoja na fremu. Watu hutapika, huona visivyokuwepo, hupata degedege, moyo hupoteza hesabu, figo huchoka. Wengine hufa. Na kipimo chetu kidogo hakioni, ndiyo maana wajanja wanahamia huko, wakidhani kisichoonekana hakidhuru.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Mtanashati. Amekwisha kuhamia chini ya feni yangu, kola haijatikisika. Nimemweleza yote kwa sauti ya chini. Ameuliza, "Kwani mimi nimekufa?" Nimesema bado. Amesema niende nikapange mafaili, na nikumbuke chupa.

Nimekwenda nikapanga mafaili.

Ijumaa, 13 Juni

Andika taratibu, mkono.

Kabla ya chakula cha mchana Nesi ametusomea majibu. Mtanashati safi. Mimi safi. Mtanashati akaninong'oneza, "Mkojo mmoja, mdogo wangu, watu wawili," akaenda nyuma ya stoo kujipongeza na pakiti yake.

Hazikupita dakika nyingi tukasikia rafu inaanguka. Tulimkuta chini kati ya vichujio, macho yamegeuka meupe, viungo vyote vinatikisika, matapishi shingoni. Mpishi akaja na kijiko amtie mdomoni. Nesi alimfukuza, akasukuma vyuma mbali, akakunja koti lake akaliweka chini ya kichwa. Mwili ulipolegea kidogo akamlaza ubavu.

Kisha akauliza. Ana kifafa? Ana sukari? Amekunywa nini? Kila mtu alimtazama mwenzake. Mama Meneja akauliza kama ni bangi. Nesi akasema hapana, jana alikuwa safi.

Nilikuwa nimesimama kando ya pipa la oili. Katika yadi nzima nilikuwa peke yangu ninayejua.

Niandike ukweli, kwa kuwa hapa hasomi mtu. Nilifikiria. Nikinyamaza, ajira ni yangu, feni ni yangu, na chupa haina wa kuitaja. Nikisema, natoka getini na sanduku. Sikufikiria kwa muda mrefu. Lakini nilifikiria.

Midomo yake ikaanza kuwa ya bluu.

"Soksi ya kulia!" Ilikuwa sauti yangu, ila sikuitambua. Nesi akachomoa pakiti, akalitazama lile jua, akaagiza mgonjwa apakiwe kwenye gari la yadi, akamwambia dereva asisimame njiani. Alikwisha kupata alichohitaji. Lakini mimi breki zilikuwa zimekatika. Nikataja chupa. Nikataja kwapa. Nikataja kiatu na feni na Jumamosi na matairi. Nilikuwa bado naungama wakati gari limekwisha kutoka getini. Aliyebaki kunisikiliza ni mpishi, ameshika kijiko.

Jumapili, 15 Juni

Hospitali, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Yu hai! Ana mrija mkononi na shati limekunjamana. Sikuwahi kuona kitu kama hicho. Daktari amesema hakuna dawa ya kuifuta ile kemikali. Kazi ni kutuliza, kutia maji na kuulinda moyo. Ila pakiti imewasaidia, la sivyo wangekuwa bado wanatafuta ugonjwa. Figo zimepata msukosuko. Wanazitazama.

Mama yake yuko pale, amekaa kwenye kiti bila kuegemea. Ameniuliza kama mimi ndiye rafiki yake. Nimesema tunafanya kazi pamoja.

Mtanashati ameniuliza mara tatu kama leo ni Ijumaa. Baadaye ameuliza kama ni mimi niliyesema. Nimesema ndiyo. Amefumba macho, akasema, "Vizuri, ndugu yangu." Si mdogo wangu. Ndugu yangu.

Sikuweza kujizuia. Nikauliza aliona nini alipoanguka. Akasema rafu zote zilimwinamia, zikawa zinaita jina lake kwa sauti ya mama yake, naye hakuweza kuitika.

Sikuuliza tena. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa.

Jumatatu, 16 Juni

Nimepimwa upya. Nesi amesimama mlangoni, mlango wazi, mifuko yangu nje, kwapa zimekaguliwa. Majibu: safi. Mkojo wangu mwenyewe! Tangu mwanzo!

Mama Meneja amenikalisha mbele ya meza yake. Akasema, "Mwanangu, nieleze polepole, mimi ni mtu mzima. Ulikuwa na mkojo wako safi. Ukauacha. Ukaazima wa mtu mwenye sumu." Nikasema ndiyo, mama, lakini wenye sumu nao ulionekana safi. Ameshika kichwa. Amekaa hivyo hadi nikadhani ana maumivu, nikampa maji.

Hukumu: ningefukuzwa, ila mdomo wangu umeokoa mtu. Majaribio yangu yanaanza upya. Nafasi inamsubiri atakayeistahili, na kwa sasa, amesema, haoni mtu. Meza yangu imehamishiwa karibu na choo.

Shangazi ameanza kunipa methali ya nguo ya kuazima isivyositiri makalio. Alipofika kwenye mkojo akakwama. Amesema wahenga hawakuacha neno juu ya hilo, kwa kuwa hawakudhani atazaliwa mtu kama mimi.

Nimeapa. Mipango basi. Kuanzia sasa ni ukweli mtupu.

Jumatano, 25 Juni

Tangazo jipya. Ijumaa wote tutapimwa macho.

Macho yangu ni mazima. Naona inzi akikaa kwenye kofia ya mlinzi, getini kule. Lakini jana usiku nimesoma kwa taa hafifu, na nasikia hilo huharibu macho polepole, bila mwenyewe kujua! Je, kama tayari? Je, kama ninachokiona si ninachokiona?

Nimemtafuta dereva mzee kuliko wote, tunayemwita Babu Breki, ambaye jana aliisalimia pampu ya mafuta akidhani ni mkewe. Nimemuuliza anafauluje kila mwaka. Amesema ni rahisi sana, mjukuu wangu: yeye amekariri herufi zote za ubao wa Nesi. Amenitajia mstari kwa mstari, nami nimezikariri papo hapo.

Kisha nikaingiwa na wasiwasi. Mzee akikosea, nami nimekosea. Kwa hiyo jioni, zahanati ilipofungwa, nimesimama ng'ambo ya yadi, karibu na matangi, nikautazama ule ubao kupitia dirisha. Mzee amekosea mbili. Moja iko kwenye mstari wa mwisho kabisa, ule wa vijiherufi vidogo kama mayai ya chawa. Nimezisahihisha zote mbili hapo hapo nilipo.

Ijumaa sina hofu. Hawanipati.