Kibrashi cha Mbwa wa Ukweni

Jamani, leo nimeaibika. Ukweni! Mchana kweupe, na shati nimelipiga pasi mwenyewe. Nawaandikia haraka kabla hamjaletewa barua na mtu mwingine, maana Mpanda nzima inajua.

Posa yangu kwa Skola ilikuwa inangoja jibu la baba yake, hapa hapa Makanyagio. Mzee ana mbwa jike wa kizungu, Malkia, aliyepewa na padri mmoja Mholanzi. Mama yake Malkia alijikata kwenye seng'enge, damu ikagoma kuganda, akafa. Padri anasema ni ugonjwa wa kurithi, na siku hizi Ulaya wanaupima kwenye vinasaba, kwa mate tu. Akaagiza vibrashi viwili vya kusugua ndani ya shavu. Malkia asipandishwe mpaka majibu yaje. Nani wa kumsugua? Bwana mifugo, yaani mimi. (Nilijiona daktari bingwa.)

Nimefika saa nne. Mzee kakaa na ndugu zake, mama mkwe yuko mlangoni na Skola. Kibrashi cha kwanza Malkia kakitafuna, kakimeza! Cha pili nikamsugua vizuri, kushoto na kulia, nikakishika mkononi kikauke kabla ya kukitia kwenye bahasha.

Hapo ningenyamaza. Mimi nikaanza kuhutubia. "Mbwa anaweza kuonekana mzima kabisa, kumbe kabeba ugonjwa wa wazazi wake na atawarithisha watoto!"

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Hata sisi hatutoi binti bila kuchunguza ukoo. Nyie kwenu hakuna kitu?"

"Hakuna, baba! Wote wazima!"

"Si umesema mtu anaweza kuonekana mzima?"

Jasho likanitoka. "Baba, hata mkinipima sasa hivi siogopi! Ni hivi tu!"

Nikaachama mbele ya mama mkwe (hilo peke yake lilitosha kunifukuzisha), nikasugua shavu langu kwa kile kibrashi cha mkononi, kwa nguvu zote. Nikasikia ladha ya dagaa. Mimi leo sijala dagaa. Aliyekula ni Malkia.

"Mama yangu wee!" mama mkwe akapiga yowe. "Anakula mate ya mbwa!"

Skola akakimbilia ndani. Nilimsikia akicheka, na kwa kweli iliniuma.

Nikajikaza. "Baba, kipimo kimeharibika. Tuagize kingine."

"Hakijaharibika," mzee akasema. "Tia kwenye bahasha. Humo mna mate yenu nyie wawili. Majibu yakija safi, mbwa anapandishwa na wewe unaoa. Yakija mabaya, mtabaki hivyo hivyo wote."

Nikafikiri anatania. Akaifunga bahasha mwenyewe, akaipeleka mwenyewe posta.

Naomba msicheke. Mwombeeni Malkia awe mzima, nataka kuoa.