Betri Inayonichongea kwa Yengi

Jumatatu, 3 Novemba
Naandika Kiswahili cha kambini, nilichopewa na marehemu mume wangu sajini, ili jirani yangu Natalina akijaribu kusoma akwame. Yeye anajua Kibari na kuimba kwaya, basi.

Nimeamua. Yengi atakuja hapa Dranya atake asitake. Mwanangu huyu anauza sola Arua. Kutoka Arua mpaka Koboko, mji wetu wa jirani, ni lami tupu, lakini tangu aniletee hii betri sijauona uso wake. Zamani alikuja kila mwezi na mafuta ya taa na mawe ya kuwashia redio. Akala, akalala, akalalamikia godoro. Sasa kuna sanduku, mfano wa jerikeni iliyonenepa. Unachomeka waya wa sola huku, taa na redio kule, kwisha. Hata fundi halitaki! Fundi wa sola yangu ya kwanza alikula kuku wawili hapa na kunisimulia talaka yake yote. Hili linakula jua la bure kupitia paneli ya sola iliyo juu ya banda la mbuzi, na halisemi kitu.

Nimempigia. Nimesema betri imekufa, njoo. Akacheka. Akasema Mama, betri imejaa, na redio inaimba sasa hivi.

Nilizima redio mbio. Nani amemwambia?

Natalina! Nani mwingine.

Jumatano, 5 Novemba
Nimekwenda kwa Natalina. Anamenya karanga, uwanja umejaa: wakwe, wajukuu, wageni waliovuka mpaka wa nchi jana. Kwake hata mbwa ana mgeni. Nimemwambia mbele ya wote kwamba upelelezi si kazi ya mutu mwenye mguu mzito. Akaniuliza, Mama Yengi, redio yako iko na nini kipya hata mimi nije kuisikiliza? Wakacheka. Watoto pia! Kisha akavuta kigoda, akasema nikae tumenye.

Nikasema nina wageni nyumbani.

Sikuwa na wageni. Nimekula viazi vya jana, nimesimama.

Alhamisi, 6 Novemba
Akili mpya. Betri ife kweli. Yengi alinionya kwamba umeme wake ni mdogo, hauwezi kuua mtu: taa, redio, simu, feni ndogo. Akasema nisije nikachomeka pasi wala birika.

Vizuri. Nimekwenda Koboko, nimeazima birika la umeme kwa Sadiya mwenye kibanda cha chai. Nikachomeka. Sanduku likalia pi-pi-pi kama kifaranga kilichopotea. Likazimika. Nikapiga kigelegele peke yangu! Kabla sijaishika simu, likaamka lenyewe. Halina hata adabu ya kufa.

Simu ikalia. Yengi. Mama, nani amechomeka birika?

Na Natalina leo ameshinda sokoni Ludara! Nilimwona anaondoka. Nilimwona anarudi. Sasa nimechanganyikiwa.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimerudisha birika. Sadiya amecheka mpaka chai ikamwagika. Habuba, akasema (ndivyo anavyomwita kila bibi), hilo sanduku iko na laini ya simu ndani. Kila kitu inamwandikia Yengi. Yeye anafungua simu yake kule Arua, anaona: Mama amewasha taa, Mama amezima taa.

Kumbe ndiyo maana haji. Hata simu hapigi, ila nikichomeka birika. Akiona taa, anajua nipo. Mwanangu ananitazama kila siku, na mimi simwoni!

Je, nimwombe Natalina radhi? Hapana. Mguu wake ni mzito kweli.

Jioni nimesogeza kiti karibu na sanduku. Nimelieleza habari za goti langu. Nimelieleza kwamba mbuzi amezaa, na mtoto mmoja ana uso mweupe, anapiga kelele kama Yengi mdogo. Kisha nikawasha taa nikazima, nikawasha nikazima, asije akadhani simsalimii.

Simu haikulia.

Jumapili, 9 Novemba
Kama taa ndiyo salamu, basi atanyimwa salamu. Baada ya misa nimechomoa kila kitu. Sola, taa, redio. Simu nayo nimezima, maana betri ikifa simu nayo inakufa. Uongo unataka mpangilio.

Ukimya! Ile redio ninayoitukana kila siku, kumbe ilikuwa inanijibu. Nimekula ugali mkavu. Naandika hapa mlangoni kabla jua halijaondoka.

Jumatatu, 10 Novemba
Asubuhi Natalina amekuja kugonga. Mama Yengi! Mama Yengi! Sikumjibu. Nilijua anataka niombe radhi. Nikajifunika shuka mpaka kichwani, nikatulia kama gunia la mtama. Akachungulia dirishani. Akaondoka mbio, kwa mguu ule!

Kidogo tu, kilio. Kilio kikubwa, kinatoka kwake. Nikajua amefiwa. Adui ni adui, lakini msiba ni msiba. Nikajifunga leso, nikachota unga wa muhogo wa kupeleka, nikajitwika kuni, nikatoka nikilia vizuri, kwa sauti ya juu. Kulia najua.

Njiani nikakuta wanawake, nao wana unga na kuni. Walinitazama. Mmoja wao, Stella Kiden, akatupa kuni zake, akatokomea kwenye mihogo. Nikauliza nani amekufa.

Natalina, aliyekuwa katikati yao, akasema polepole: wewe.

Kumbe Yengi alimpigia alfajiri. Betri iko giza tangu jana, simu ya Mama haipatikani, tafadhali nenda uangalie. Akaangalia, akaona shuka, akamjibu Yengi kwamba nimekufa.

Nimemwambia ni mjinga. Nimemwambia pia kwamba hakunililia kwa nguvu ya kutosha. Wakataka kurudi na unga wao. Nikakataa! Unga wa msiba haurudi ulikotoka, ni mkosi. Kama desturi hiyo haikuwepo, sasa ipo. Basi wakapika, kwangu. Turubai la kanisa likafungwa, viti vya plastiki vikaja. Mzee Loro wa kanisani alikuwa ameshaandaa maneno ya kunisifu, nikamwamuru ayaseme. Akasema nilikuwa mpole. Watu wakakohoa.

Yengi akafika na bodaboda, macho mekundu, kofia ngumu bado kichwani. Akaniona nimeshika mwiko. Akakaa chini, pale pale mavumbini. Hakunigombeza mpaka alipomaliza kula. Kisha alinigombeza. Ana sauti nzuri, kama ya baba yake.

Amelala hapa. Amelalamikia godoro.

Jumatano, 12 Novemba
Yengi ameondoka asubuhi. Kwanza alinishikisha rozari ya baba yake, nikaapa: sitachomoa betri tena maisha yangu yote. Akasema atapiga simu kila Jumapili. Tutaona. Natalina ameleta karanga. Amesema siku nikifa kweli nimwambie mwenyewe, yeye hakimbii tena. Nilitaka kumwambia akae. Nilipopata maneno, alikuwa ameshafika kwake.

Viti vimerudi kanisani. Majivu ya kuni za waombolezaji bado yako uwanjani. Sijafagia.

Betri imejaa. Taa inawaka, redio inaimba. Kiapo ni kiapo, sitagusa waya hata mmoja.

Ila lile blanketi la jeshi la marehemu, zito lile, limeanza kunuka ukungu. Lazima lianikwe. Na hapa kwangu jua zuri liko mahali pamoja tu, juu ya banda la mbuzi, pale pale ilipolala sola.