Mimi Ndiye Niliyepanda Magugu Maji

Jumapili, 6 Agosti 1995

Leo Kaijage amenishinda tena. Kanisani! Amesimama na tai yake mbele ya watu wote, chini ya turubai la Mwinjilisti Antoni hapa Pasiansi, akashuhudia kwamba pepo la ulevi lilimtesa miaka kumi na minne. Eti lilikuwa linamwita kwa jina akanywe pombe ya ndizi: "Kaijage, Kaijage, rubisi imeiva." Watu wakalia. Wanawake wakapiga vigelegele. Alipomaliza akapewa kiti cha mbele, chenye mto.

Mimi Kashindye nilikuwa benchi la nyuma, kati ya watoto wanaonyonya.

Na huyu ndiye mkwe wangu! Mwanawe Revocatus anamwoa binti yangu Modesta tarehe 26 mwezi huu. Kwenye vikao vya harusi anaongea yeye tu, kwa sababu alikuwa karani. Mimi nilikuwa mlinzi wa kiwanda cha pamba mpaka tulipopunguzwa kazi. Lakini mlinzi gani! Miaka ishirini na miwili halikuibiwa hata robota moja. Mawili tu, na siku hiyo nilikuwa naumwa.

Nimeamua. Nami nitatoa ushuhuda. Shida ni kwamba sina dhambi kubwa. Nimejichunguza jioni nzima nikapata kuku wa jirani, mwaka 1968. Na huyo kuku alikuja mwenyewe.

Jumatano, 9 Agosti

Bado natafuta pepo. Nimemuuliza mke wangu Paskazia kama amewahi kuona kitu cha kishetani ndani yangu. Hakusita hata kidogo. Akasema uvivu. Nikamwambia nataka kitu cha kutisha watu. Akasema basi kukoroma.

Mchana nikashuka mwaloni, pale wanapoegesha mitumbwi. Magugu maji yameziba ziwa, kijani tupu, ungedhani ni shamba la viazi. Mitumbwi imekwama. Wavuvi wamekaa juu ya mawe wanashona nyavu ambazo hazina pa kwenda. Kuna mmoja anaitwa Mayala, Mkerewe mwenye mikono kama makasia. Akasema kitu hiki zamani hakikuwepo, kwa hiyo lazima kuna mtu alikileta.

Kuna mtu alikileta! Nimepanda mlima kurudi nyumbani kama kijana.

Jumapili, 13 Agosti

Nimewamaliza!

Nilisema hivi. Mwaka 1988 nguvu za giza zilinichukua zikanipeleka mji wa chini ya ziwa. Barabara za lami. Umeme haukatiki. Hapo watu waliguna sana, nadhani kwa ajili ya umeme kuliko kwa ajili ya mashetani. Nikapewa cheo. Nilitaka kusema mkuu wa wilaya, nikakumbuka kuna watu wa serikali wamekaa pale, nikasema kapteni. Kazi yangu ilikuwa kupanda magugu maji. Nikayapanda kwa mikono yangu hii, kuanzia hapa Pasiansi mpaka karibu na Ukerewe, kwa mistari iliyonyooka, maana sisi Wasukuma hatupandi ovyo.

Kaijage mdomo wazi. Paskazia aliinamisha kichwa, nadhani kwa maombi. Mwinjilisti Antoni akaniuliza taratibu kama nina hakika na ninayoyasema. Nikamjibu kapteni mzima hawezi kukosa hakika.

Nimepewa kiti cha mbele. Hakina mto, lakini ni cha mbele.

Nyumbani Paskazia akaanza. "Baba Modesta, wewe ukienda kuoga ziwani unashikilia jiwe. Huko chini ulifika na nani?" Nikamwambia mambo ya kiroho hayahitaji kuogelea.

Jumatatu, 14 Agosti

Saa moja asubuhi, hodi. Nikavaa koti haraka, nikajua wamekuja niwaombee. Kumbe wavuvi kumi na mmoja, Mayala mbele. Wamenisalimia vizuri, shikamoo zote kumi na moja. Halafu Mayala akasema, "Haya mzee, twende ukang'oe."

Nikauliza ning'oe nini. Akasema shamba langu.

Nikawaeleza kwamba mimi nimeokoka, ile kazi niliacha. Wakasema hongera, lakini mtu akiacha kazi anakabidhi. Mimi mlinzi wa miaka ishirini na miwili nikavua koti! Hata sisi tulikuwa tunakabidhi. Hata tochi.

Nimeshinda majini mpaka kiunoni. Ukitoa gugu moja yanakuja manne kutazama mwenzao amepatwa na nini. Wao wamekaa juu ya mawe wanatafuna miwa. Kila nikiinuka kunyoosha mgongo, mmoja anapaza sauti: "Kapteni, na pale umesahau!" Nimerudi na ruba wanne mguuni. Paskazia aliwatoa kwa majivu. Alicheka kwa kila ruba.

Jumatano, 16 Agosti

Kikao cha harusi, Kaijage hakuja. Ametuma barua. Ya taipu! Nimeisoma mwenyewe, cheti cha kisomo cha watu wazima ninacho, ila maneno marefu Modesta alinisaidia. Kwamba ukoo wake hauwezi kuungana na mtumishi wa kuzimu. Kwamba maagano ya baba humfuata binti mpaka kwa wajukuu. Kwamba harusi imesimamishwa. Hapo kwenye "imesimamishwa" Modesta alishindwa kuendelea. Nikaimalizia peke yangu, silabi moja moja. Ni neno refu sana lile.

Revocatus alikuja jioni, akasimama nje. Baba yake amempa chupa ya mafuta yaliyoombewa, ajipake kwanza kabla ya kunisalimia. Akajipaka kwenye paji la uso mbele yangu. Kisha akasema, "Shikamoo, baba." Kijana ana adabu kweli.

Modesta hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Amelikunja gauni lake la harusi akalirudisha mfukoni. La mtumba, lakini shanga zile ameshona mwenyewe wiki sita.

Alhamisi, 17 Agosti

Nimepata dawa: nitajishusha cheo.

Nimekwenda kwa Kaijage. Amemwaga chumvi kizingitini, mstari mnene, chumvi ya kula ambayo mkewe angepikia mwezi mzima. Hakunikaribisha. Aliongea kupitia dirisha. Nikamwambia, mkwe, tuelewane, pale kwenye kapteni niliongeza kidogo. Ukweli ni kwamba nilikuwa mlinzi tu huko chini. Sikupanda kitu. Niliwaona wanaopanda wakipita.

Kaijage akauliza: kwa hiyo waliopita na mbegu, geti nilifungua mimi?

Nikasema ndiyo, hiyo ndiyo kazi ya mlinzi.

"Waitu!" akapiga kelele kwa lugha ya kwao. "Amekiri mara ya pili!" Akafunga dirisha. Nikasikia chumvi nyingine inamwagwa.

Jumamosi, 19 Agosti

Shauri jipya, na hili lilikuwa zuri. Nikitolewa mapepo hadharani nitakuwa safi, na Kaijage hatakuwa na la kusema. Mwinjilisti Antoni alikubali kuniombea, akaniambia nifunge siku mbili. Nimefunga. Isipokuwa uji. Na kipande cha sangara, ambacho hakikuwa kikubwa.

Leo nikapiga magoti. Antoni akaniwekea mikono, akina mama wakaimba. Nikasubiri pepo lizungumze. Wapi! Ndani yangu kulikuwa kimya kama ofisi ya serikali saa nane mchana. Nikafungua jicho moja nikamwona Kaijage amekaa pembeni, anatazama. Ikabidi nisaidie. Nikatoa sauti nzito: "Hatutoki!" Antoni akauliza mko wangapi. Nikasema arobaini.

Antoni akaondoa mikono. Akaniinamia sikioni. "Baba," akasema, "unanuka samaki."

Akanikalisha pembeni. Hakunifokea. Alisema chini ya turubai lile kuna watu wamefungwa kwelikweli, hawalali, hawali, na wanakuja kwake wakitetemeka. Hao hawatafuti kiti. Akasema kwa Mungu hakuna pepo la daraja la kwanza. Tena akasema ninahangaika na mafuta na chumvi, na ulinzi wa Mkristo uko pale pale ulipoandikwa: ajifunge kweli kiunoni.

Nikajishika kiuno. Mkanda tu.

Jumatatu, 21 Agosti

Muujiza! Upepo umegeuka. Nimeamka, ziwa limefunguka, maji meupe mpaka kule kwenye mawe makubwa. Magugu yote yamehama. Mayala amekuja mbio na sato wawili: "Mzee, umeweza!" Nikamwambia upepo ndio umeweza. Hapana, nasema uongo. Nilipokea sato, nikasema, "Karibu tena."

Mchana habari zikamfikia Kaijage. Sasa anasema ameamini kabisa kwamba magugu yananitii.

Modesta alikaanga sato wale. Akaniwekea sahani mezani, akabaki amesimama. Akasema hivi, polepole kama anasomea mtoto: "Baba, ukienda ukasema ulidanganya, mimi ninaolewa Jumamosi. Ukinyamaza, wewe utakuwa kapteni, na mimi nitakukaangia samaki hapa mpaka nitoke mvi. Chagua."

Nimesukuma sahani kando. Nimemaliza mmoja tu.

Alhamisi, 24 Agosti

Siku tatu nilizunguka. Leo jioni nikaenda. Nikaruka chumvi, nikaingia mpaka sebuleni bila kukaribishwa. Kaijage akasimama nyuma ya kiti. Nikasema yote kwa pumzi moja, kabla sijajishauri vingine. Kwamba nilidanganya. Kwamba chini ya ziwa sijafika, na hata juu yake sijafika mbali, maana natapika. Kwamba nilikionea wivu kiti chake. Kwamba binti yangu hana agano na mtu yeyote isipokuwa Revocatus.

Nilitegemea anitukane. Akavua miwani. Akacheka! Akacheka mpaka akakaa. Halafu akachungulia mlangoni, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hata yeye, ile sauti iliyokuwa inamwita kwa jina kwamba rubisi imeiva, ilikuwa ya shemeji yake.

Harusi ipo. Modesta alipoambiwa alinishika mikono yote miwili. Nikawa mtu mkubwa kuliko kapteni. Nimeapa kwa Mungu, uongo basi.

Jumamosi, 26 Agosti

Wameoana. Nimelia kanisani. Nimewaambia watu ni vumbi. Paskazia akasema mvua ilinyesha asubuhi.

Jumapili, 27 Agosti

Mwinjilisti Antoni alinipa dakika mbili. Nishukuru kwa harusi, nitubu uongo wangu mbele ya watu, nikae. Nilikusudia hivyo hivyo. Mungu ananijua.

Nikasema nilidanganya. Watu wakatikisa kichwa. Basi. Hakuna hata kigelegele kimoja. Mama mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu cha mtoto. Nikaona nimelisema dogo mno, mtu hawezi kutubu watu wanafunga viatu. Nikasema lakini hayakuwa mapenzi yangu, lilikuwa pepo la uongo. Vichwa vikainuka. Nikasema lilikuwa na ndimi saba. Nikasema lilinitoka Alhamisi jioni kupitia sikio la kushoto, moshi mweusi, likinguruma kama meli inayoingia bandarini. Vigelegele! Kinanda kikapigwa! Antoni alinivuta shati mara mbili, nikadhani ananitia moyo.

Ndipo Mayala akasimama akauliza, "Likaenda wapi, mzee?"

Swali zuri. Sikuwa nimeliandalia jibu. Alhamisi jioni nilikuwa kwa Kaijage, kila mtu anajua nilikuwa huko. Nikasema liliingia nyumbani kwa mkwe wangu, kupitia dirisha la jikoni.

Sasa ni saa kumi. Watu wamejaa kwa Kaijage, wanaombea chumba kwa chumba. Wametoa vyombo vyote nje. Wametoa na kitanda cha maharusi. Modesta na Revocatus wanakaa humo, leo ndiyo siku yao ya kwanza. Hilo sikulifikiria.

Paskazia amesimama mlangoni, ananiambia niende nikaseme ukweli, tena sasa hivi. Nitakwenda. Kwanza nimalize kuandika hili. Ushuhuda wa Kaijage ulichukua dakika ishirini, nilihesabu mwenyewe. Wangu leo, thelathini na tano.