Seva Haisubiri Shikamoo

Jamani wanakikundi, leo sina pa kuuficha uso.

Mnajua barua yangu ya posa imekwama Kinampanda. Baba yake Neema alisema haipokei mpaka amwone kijana mwenyewe, asikie anavyoongea na watu. Hakusema atakuja lini. (Sura yake siijui. Neema husema tu, "Baba ni mrefu.")

Sasa, hapa kiwandani Singida tunapokamua alizeti, tajiri amenunua seva, kompyuta kuu ya kutolea risiti. Si mpya. Umeme ukikatika, saa yake inarudi nyuma, na leo asubuhi ilitoa risiti za mwaka ambao kiwanda chenyewe kilikuwa shamba. Dawa ni kuizima, kuiwasha, na inapoanza tu kuamka ubonyeze F2 uingie kwenye mipangilio yake, urekebishe saa. Una sekunde chache. Ukichelewa inapitiliza, unaanza upya.

Nikaiwasha. Maandishi yakatokea. Nikanyoosha kidole. Akaingia mzee mmoja aliyeleta alizeti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Huko kwenu mvua ipo?"

Mvua ipo. Seva imeshapita.

Nikazima, nikawasha. Akaingia bibi. Bibi haamkiwi umekaa (mimi nimelelewa, hata kama leo haionekani). Nikasimama. Ikapita tena.

Foleni ya wanaosubiri risiti ikafika getini. Mama Zuhura, mhasibu wetu, uvumilivu ukamwisha.

"Mwanangu, tulale hapa?"

"Mama, wazee wanaingia, nawaamkia."

"Basi usiamkie mtu!" Akatoka kwenda kutuliza foleni.

Ushauri wa mkubwa, nikaupokea. Nikawasha. Kidole juu ya F2, macho kwenye skrini, hata kope sipepesi. Nyuma yangu mlango ukalia.

"Hodi humu. Hamjambo?"

Kidole hakikuhama F2.

"Kijana, hujambo?"

"Hebu subiri wewe! Usiniongeleshe!"

Nikabonyeza. Ikaingia! Skrini ya bluu, saa ile pale! Nikapiga makofi peke yangu, nikageuka nikicheka.

Alikuwa mrefu, jamani. Mrefu kweli.

"Shikamoo baba!" Nilisimama kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka.

Hakuitika. Aliitazama seva, akanitazama mimi, akakitazama na kiti.

"Nimetoka Kinampanda kuja kumwona kijana," akasema taratibu. "Nimemwona."

Akavaa kofia, akaondoka. Nilimkimbilia hadi getini, lakini foleni nzima ilitaka risiti na kila mtu akanishika shati. Nikarudi kurekebisha saa. Niliona aibu, lakini nirekebishe nini kingine?

Jioni hii Neema amepiga simu.

"Baba amefika. Anasema kazi unaijua."

Nikashusha pumzi. "Mungu mkubwa! Na barua ya posa?"

"Anasema uipeleke kwa hiyo mashine."

Naombeni msicheke. Anayeshindwa kujizuia, basi awe na mjomba mwenye maneno matamu, aende Kinampanda akaniombee radhi.