Hujambo Moja na Viti Vyote

Jumatatu, 3 Machi
Meseji ya ofa imekwenda kwa wateja wote! Herufi kubwa tupu, BURE kila mstari. Binti yangu naye yumo kwenye orodha tangu alipohama. Salamu zangu kwake hupitia humohumo. Kumpigia? Siwezi. Yeye ndiye aliyeondoka katikati ya mabishano!

Nilipanga viti nje ya duka langu la samani, mpaka cha kwangu. Hakuja mtu. Sponji, muuza magodoro wa ng'ambo ya barabara, akaja kuuliza kama nimefiwa. Nilimjibu kwa hoja. Aliondoka nikiwa kwenye hoja ya pili.

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kumfokea dada wa kampuni ya meseji. Alisubiri niishiwe pumzi, kisha akasema, baba, zaidi ya nusu hazikufika. Kuna namba zilizokufa, kuna nilizoandika pungufu, na kwa makelele yale mitambo inadhani mimi tapeli. Mimi! Niliyesoma kuliko mtambo wowote! Akanishauri nisafishe orodha, nipunguze kutuma, niandike kama mtu anayeongea na mtu. Hata wateja hupumzika, baba.

Ameniita baba mara mbili. Nimerudi kwa miguu, polepole.

Alhamisi, 6 Machi
Nasafisha orodha kwa kupiga simu. Fundi bomba kahama. Mama wa kochi la kijani amefariki. Mwanawe akaniomba kwa upole niache kumuuzia marehemu stuli. Tukaongea kidogo. Sikuongea na mtu mwingine leo.

Halafu nikafika kwenye namba ya binti yangu. Ripoti ya kampuni ya meseji inasema: mpokeaji amezuia. Tangu mwaka jana! Na mimi nilidhani ananisoma, anaringa tu.

Ijumaa, 7 Machi
Sponji kaja bila kejeli. Nikashtuka. Kumbe binti yangu alinunua godoro kwake jana. Nikauliza alimnasa kwa ofa gani. Akasema hakuna ofa, alimwandikia tu, hujambo mwanangu, umepotea. Na binti kaacha maagizo: mwambie baba aniandikie neno moja lisilo na bei, nitakuja.

Nilimwambia Sponji hajui biashara. Akasema, andika hujambo, mzee, basi. Hujambo tu!

Jumapili, 9 Machi
Nimenunua laini mpya, asiyoijua. Nikaandika: Hujambo mwanangu. Nimeyatazama maneno hayo asubuhi nzima. Yako uchi mno. Na akinyamaza, nitasingizia nini? Nikayavisha: VITI BURE!!! Ukinunua meza. Nikawatumia wote, nisionekane nambembeleza.

Ripoti ya binti yangu: IMEFIKA! Nimepiga kelele peke yangu dukani. Nikafuta vumbi kiti alichokuwa akikalia utotoni, ambacho siuzi.

Chai haijapoa, ripoti nyingine: amezuia.

Kosa nimeliona. Alama za mshangao zilikuwa chache.