Uzinduzi wa Mtambo Usiokosea wa Kuhesabu Siku za Waliosafiri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani. Waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo, vijitengo na meza. Mabibi na mabwana wa safu ya mbele mliokalia viti vya mito. Na nyinyi wakaazi wa kudumu wa safu za nyuma, pamoja na wale wawili waliokosa viti: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, izingatiwe sasa. (Makofi ya safu ya mbele.)

Nasimama mbele yenu nikiwa Mkurugenzi wa Hesabu za Siku, cheo nilichokibuni, nikakiomba na kukipata mimi mwenyewe baada ya ushindani mkali, ili kuzindua mtambo huu uliofunikwa kitambaa cha bluu hapa kando yangu, mtambo wa kidijitali, shirikishi, endelevu na wa kimkakati, ambao umekomesha ule utamaduni wa aibu wa karani kuhesabu kwa vidole. Nikisema "Mtambo", mnajibu "Haukosei"! Mtambo! (Safu ya mbele: "Haukosei!" Nyuma mtu anakohoa.)

Sheria ni nyepesi. Mkaazi wa kudumu anayetaka uraia awe ameishi humu miaka mitano mfululizo. Akisafiri wiki mbili, hata mwezi, hatuna neno naye. Akipitisha miezi sita nje kwa safari moja, mfululizo umekatika na anaanza upya, isipokuwa athibitishe kwamba nyumba yake, kazi yake na watoto wake walibaki hapa wakimngoja. Zamani karani alikuwa anavisoma vithibitisho hivyo, anakuna kichwa, anamwonea mtu huruma. Huruma, ndugu zangu, si data! Mtambo hauna shemeji, haunywi chai, hauna mama mgonjwa! (Sauti ya mwanamke kutoka nyuma: "Mimi ninaye!")

Naam, namwona mama mshonaji, mwenye duka mkabala na lango letu, na nafurahi kwamba amekuja, kwa sababu ndiye mfano wangu bora. Ameishi humu miaka kumi na tisa. Akaenda kumuuguza mama yake siku mia mbili na tisa, akarudi, akaomba uraia, na mtambo ukamjibu kwa barua yenye muhuri mwekundu: siku zako ni sifuri. Miaka kumi na tisa kuwa sifuri kwa barua moja! Kasi iliyoje! (Makofi yanaanza, yanajifikiria, yanaacha.)

(Mama mshonaji: "Mkurugenzi, duka langu halikufungwa hata siku moja! Wanangu walikuwa shuleni hapa hapa! Na hiyo suti uliyovaa ilishonwa kwangu nikiwa kwa mama. Binti yangu mkubwa ndiye aliyekupima. Risiti ninayo, na kiuno chako kimeandikwa humo!" Kicheko kirefu.)

Mama, kiuno cha mkurugenzi ni waraka wa siri. Naomba tuzungumzie takwimu. Katika miezi kumi na minane tumepokea maombi mia nne na kumi na mawili, na yote mia nne na kumi na mawili yamekataliwa, usawa wa asilimia mia moja ambao wenzetu wa nje wanauota tu. Najua wanavyoota, maana nilizunguka nchi tisa kujifunza namna ya kuhesabu watu walio safarini, nikakaa huko siku mia mbili na arobaini na moja bila kurudi. ("Umempita mama!" "Basi na wewe uanze upya!") Tulieni! Mimi ni raia wa kuzaliwa. Siku zangu hazihesabiwi, zinaheshimiwa.

Kwa kumalizia, nawashukuru wale wawili waliokubali kusimama, kwa kuwa viti vyao ndivyo vilivyo chini ya kitambaa hiki, vikiushikia mtambo nafasi mpaka utakapoagizwa. Na kwa namna ya pekee namshukuru karani wa masjala, ambaye kwa miezi yote hii ameukaimu mtambo kwa uaminifu, akigonga muhuri wa "Mtambo Umekataa" bila kuruka hata jalada moja.

(Mama mshonaji: "Kumbe miaka yangu kumi na tisa imefutwa na viti?" Karani, akitazama viatu vyake: "Mama yangu, niliambiwa nigonge tu, mtambo ukija tutakubaliana." "Haya, mwanangu, vidole si unavyo?")

Nahitimisha! Mtambo! (Ukumbi mzima: "Viti!") Mtambo! ("Viti!") Karani, usiguse kitambaa hicho, ni kifaa cha serikali! (Karani anakivuta. Anamkalisha mama mshonaji kwenye kiti kimoja, yeye anakaa kwenye kingine, anafungua jalada, anasoma risiti ya suti mpaka kwenye kiuno, anacheka, na kuinua kidole cha kwanza. "Mwaka wa kwanza," anasema. "Wa pili!" ukumbi unaitikia. "Wa tatu!")

Asanteni kwa kunisikiliza. ("Wa nne!")